Mwongozo kwa Komba Kijana Anayehamia Kilwa Masoko

Mjukuu wangu, umeshapevuka. Dada zako watabaki karibu na mama yao; dume huondoka. Ukishuka mjini, shika haya.

1. Tafuta malazi kwanza. Mwembe wenye majani yaliyosongamana unatosha. Mchana majike na watoto wao hulala wamejikunja pamoja. Usiku kila mmoja na tumbo lake. Binadamu hufanya kinyume: hula sinia moja, kisha wakagombania chumba.

2. Andika anwani. Kojolea viganja, sugua kwenye nyayo, panda. Kila tawi utakaloshika litaeleza nani kapita. Usione haya. Wao hupaka rangi ukutani: NYUMBA HII HAIUZWI. Sisi yetu husomeka hata gizani.

3. Mjue mwenye mtaa. Eneo la dume mkubwa hufunika maeneo ya majike kadhaa. Ukimsikia analia, kumbuka una safari.

4. Lia kwa wakati wake. Sauti yetu ni ya mtoto mchanga. Saa nane za usiku, juu ya bati, inatosha mara moja. Mmoja atasema mtoto, mwingine atasema jini, na asubuhi utasikia harufu ya ubani.

5. Usijifananishe na binamu yetu wa Rondo. Yule wa misitu ya Lindi hafiki gramu 100, mkia wake kama brashi ya kuoshea chupa. Wataalamu walimpa jina miaka ya 1990 tu, ila misitu ilishaanza kukatwa zamani. Wewe ukikosa msitu utapata mwembe wa mtu. Yeye mjini haji. Msitu wake ukiishia kwenye magunia ya mkaa, hana pa kwenda.

6. Tembo kwa kiasi. Watu wakimwona mwenzao anapepesuka husema amelewa kama komba, kwa hiyo jina limeharibika kabla hujafika. Ukikuta bakuli la tembo chini ya mti, hujakaribishwa: unategwa. Panda mnazini, unywe palepale kwenye kibuyu.

Asubuhi mgema atakuta kimepungua na atakulaani hadharani. Vumilia. Baadaye, ukiwa juu umejikausha kimya, utamwona chini akiongeza maji ya kisima, huku akitazama huku na huku asionekane.

Usimseme. Hapo mmeshakuwa majirani.