Kwa Mamlaka Husika: Kiwavi Asiye na Wizara

Ndugu Mamlaka Husika,

Tunakuandikia kutoka Mbinga. Tumekutafuta siku nyingi. Redioni tunasikia umeombwa uchukue hatua, magazetini unatakiwa uliangalie suala hili kwa jicho la tatu, na kila mkutano wa kijiji hufungwa kwa ahadi kwamba jambo litafikishwa kwako. Ila hakuna anayejua ofisi yako iko wapi, ndiyo maana barua hii tumeiacha wazi.

YAH: KIWAVI WASHA

Yule wa kwenye kahawa, ambaye wataalamu humwita Parasa vivida, wewe unamfahamu kwenye makabrasha. Sisi tunamfahamu kwa mkono. Msimu wa kuchuma, vidole huingia katikati ya majani kutafuta tunda jekundu, na hakuna anayekagua kila jani, maana debe linasubiri. Yeye kajibandika chini ya jani katulia, miiba mgongoni. Ukimgusa haumi wala hakimbii. Miiba yake inakatikia kwenye ngozi na sumu inamwagika humo. Kwanza moto, halafu uvimbe mwekundu unaopanda kuelekea kwenye kiwiko, kisha usiku mzima wa kujikuna, na kujikuna ndiko kunakoizamisha miiba zaidi. Mkahawa nao hauponi. Vitoto vya kiwavi huyu huparura upande wa chini wa jani, wakubwa hulila kuanzia ukingoni, na mti uliobaki na majani yenye matobo hauwezi kulisha matunda yake.

Tulibisha hodi mlango wa kwanza. Tukaelezwa, kwa upole mkubwa, kwamba kiwavi tuliyempeleka aliokotwa kwenye mti wa kivuli, na mti wa kivuli ni mambo ya misitu. Mlango wa pili ukasema mti mmoja haujawa msitu. Wa tatu walitupokea vizuri kuliko wote: wao hutibu binadamu, na mlalamikiwa wetu ni mdudu. Tukateremka hadi Mbamba Bay, kilomita 66 za lami safi ambayo haina hata vumbi la kusingizia. Kando ya Ziwa Nyasa nako wamo viwavi wenye manyoya, ambayo yakipeperuka na kuingia jichoni hayaulizi mtu katoka wilaya gani. Sisi tuliulizwa. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, tukakumbushwa, na viwavi wa Mbinga washughulikiwe Mbinga.

Tunawaonea wivu wenzetu wa mahindi. Viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, kila mtu alijua ni adui wa nani. Huyu wetu huenda kosa lake ni kutopitia jeshini. Tumeisoma pia Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, tukaipenda. Mmea sasa una sheria ya afya yake. Ngozi ya mchumaji inasubiri kikao cha wadau.

Tafadhali usitujibu kwa mabomba ya dawa. Dawa kali ikipigwa ovyo huanza kuua nyigu wadogo na nzi wanaotaga mayai ndani ya viwavi au juu yao, yaani maofisa pekee wanaoifanya kazi hii bila posho.

Tunachoomba hakijazi hata bahasha. Karatasi moja ibandikwe kwenye mlango wa zahanati na wa chama cha ushirika (AMCOS): usijikune, bandika selotepu juu ya ngozi kisha uibandue, itoke na miiba, osha kwa sabuni na maji mengi, badilisha nguo, jicho likiingiwa au pumzi ikibana, kimbia kwa daktari. Afisa ugani naye apite kabla ya kuchuma, ageuze majani, atuonyeshe vile vifuko vigumu vya kiwavi vilivyoganda kwenye gome ili tuvibandue mapema, kwa kijiti, si kwa kidole. Akikwama, watafiti wa kahawa wako Ugano, humu humu Mbinga. Kuwauliza hakuhitaji ndege.

Karibu shambani mwenyewe, ila uje na mikono mirefu. Na kama utaona barua hii haikuhusu, usiisogeze mbele. Huko mbele tumeshafika, ndiko walikotuelekeza kwako.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mchumaji wa kahawa, Mbinga