Mhadhara Wangu Juu ya Siasa za Bironi

Wababa na wamama, wafanyakazi wote wa Bunia, kaeni vizuri. Cheo cha uprofesa nimejitunuku mwenyewe, baada ya miaka kumi na tisa ya kubishana bironi. Vyuo sikuviuliza, vingenichelewesha.

Somo la leo: kuzungumza siasa na mwenzako wa kazi bila mtu kuinua kiti.

Kanuni ya kwanza, usimuulize mtu kwao ni wapi. Sisi wa Ituri tulizika watu wa vita vya makabila tangu 1999, kikosi cha Ulaya kikatua hapa Juni 2003, na bado hatujaacha kuzika. Swali hilo tunalijua linakoelekea. Mwenzako akilalamikia bei ya sukari, mjibu juu ya sukari. Babu yake mwache apumzike.

Kanuni ya pili ni kusikiliza. Sina mengi ya kusema juu yake.

Sasa mfano hai. Tangu tarehe 6 Mei 2021 tunaongozwa na wanajeshi: état de siège, kama asemavyo hata muuza nyanya. Ilianza na siku 30, halafu Bunge kule Kinshasa likawa linaongeza siku 15, tena 15, hadi vidole vya kuhesabia vikatuishia. Bironi kwetu kuna kambi mbili, "jeshi libaki" na "raia warudi". Mimi ni mpatanishi. Mpatanishi husimama upande wa haki, na haki, kwa bahati nzuri, husimama upande wangu.

Juzi saa saba tulizunguka sahani moja ya bugali na sombe. Sekretari akasema mji si kambi. Dereva akamjibu kwamba raia nao tuliwaona walichofanya. Mkono wake ukabaki hewani, tonge likidondosha sombe juu ya ripoti ya mwezi. Hapo ndipo mtaalamu huingia! Niliomba dakika 15 za kutuliza hali. Nikajiongezea 15. Nikajiongezea tena, maana ibara ya 144 ya Katiba, inayoruhusu nyongeza hizo, haifafanuliwi kwa haraka. Nilipomaliza, sahani ilikuwa tupu, na wale wawili walikuwa nje chini ya mwembe, wanacheka, wamegawana karanga. Mnaona nguvu ya elimu?

Kanuni ya tatu: kura zikishahesabiwa, aliyeshinda amsalimie aliyeshindwa kwanza. Tulipiga kura tarehe 20 Desemba 2023, Tshisekedi akatangazwa mshindi kwa asilimia 73 hivi. Mhasibu wetu alikuwa mtu wa mpinzani wake, Katumbi. Mimi nilimwahi mlangoni asubuhi na mapema, nikamsalimia vizuri sana, kwa wimbo, na beti zote.

Mhadhara umekwisha, maswali hayaruhusiwi. Chai ipo tayari. Sukari iko ndani ya kabati la mhasibu, ufunguo anao yeye, na hatujasemeshana tangu asubuhi ile. Anayeelewana naye, tafadhali, aende akatuombee.