Sifa za Stata, Mbeba Dhambi za Betri

Oktoba 2024 Arusha ilifurika Land Rover za kila umri kwa ajili ya tamasha lao. Watu walipiga picha pua za magari, magurudumu ya akiba yaliyolazwa juu ya boneti na bodi zilizobonyezwa na miaka ya porini. Kama yupo aliyeinama kupiga picha stata, picha hiyo haijasambaa. Dhuluma hiyo inastahili kurekebishwa.

Inayosifiwa hapa ni stata ya Lucas iliyofungwa kwenye Series II na III za petroli, zile za injini ya lita 2.25. Haina makuu. Ndani mna amecha, koili nne, kaboni nne na bushi zake. Mwishoni mwa shafti kuna bendiksi, inayojirusha yenyewe kung'ata meno ya flaiwili na kurudi nyuma injini ikishawaka. Hufanya kazi sekunde chache asubuhi, kisha inapumzika kutwa nzima, utaratibu ambao maofisini huhitaji cheo kikubwa.

Fadhila zake ndogo zinatajwa kwa kupita tu. Imeokoa mikono: kabla Charles Kettering hajaiweka stata ya umeme kwenye Cadillac za mwaka 1912, injini iliyozungushwa kwa mpini iliweza kurudi nyuma ghafla na kumvunja mtu kifundo. Tena ina msimamo. Land Rover za zamani zilifungwa chanya ya betri kwenye bodi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 kiwanda kikageuza, ikawa hasi. Stata haikushtuka. Mkondo ukigeuka kwenye amecha hugeuka na kwenye koili, nayo inaendelea kuzunguka upande ule ule. Wapo waheshimiwa waliovuka tawala tatu kwa kanuni hiyo hiyo.

Lakini fadhila kuu, ambayo peke yake ingetosha kuipatia nishani, ni kubeba dhambi za wengine. Betri ikizeeka, aliyekufa ni stata. Terminali ikiota unga wa kijani, stata. Swichi ikichoka, stata. Panya akitafuna waya, stata. Ule msuko wa shaba unaounganisha injini na chesisi, yaani waya wa ethi, ukiliwa na kutu masika baada ya masika, fundi huinama, husikiliza mlio mmoja wa “ka!”, huinuka akifuta mikono na kusoma hukumu: “Mzee, stata imekufa.” Stata haikati rufaa. Haiwataji wenzake. Haidai wakili wala haijifanyi mgonjwa. Hufunguliwa, hutiwa kwenye gunia, hupakiwa kwenye bodaboda, na huko iendako huvuliwa nguo kabla ya kuulizwa jina. Hata mbuzi wa kafara hupiga kelele. Stata hunyamaza hadi bolti ya mwisho.

Gereji inamalizia kazi. Kaboni nne ambazo bado zina urefu wa kutosha zinatupwa, zinawekwa za gari jingine zilizosuguliwa kwenye sakafu ya saruji hadi zikaenea. Kijana anapitisha kipande cha msumeno kati ya mapande ya shaba ya komyuteta ili kuchimba mifereji, kama alivyoona kwenye dainamo. Kwenye stata mwongozo unakataza. Anapiga msasa wa chuma, wakati unaotakiwa ni ule laini wa mbao, maana chembe za msasa wa chuma hupitisha umeme. Bendiksi, iliyotakiwa kuoshwa kwa mafuta ya taa na kuachwa bila mafuta mazito, inapakwa grisi ili vumbi la barabara ya changarawe lipate mahali pa kulala. Halafu kuna bushi. Bushi mpya ina vinyweleo, na hulowekwa kwenye oili ya injini saa 24 kabla ya kugongewa mahali pake. Katika ufundi wote wa magari, hapa ndipo “njoo kesho” ni agizo la kitaalamu, na hapa hapa ndipo fundi humaliza leo leo.

Na kipimo kipo! Ncha moja ya mita kwenye terminali ya betri iliyofungwa kwenye bodi, nyingine kwenye mwili wa stata, mtu wa pili apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, mkosaji ni waya wa ethi au viungio vyake. Basi! Hakuna gunia, hakuna bodaboda, hakuna “tumefungua tumekuta”. Ni kazi ya dakika moja, na mita zenyewe zinatembezwa barabarani pamoja na chaja za simu. Lakini nani apime, wakati kipimo kinaweza kumtaja waya wa bei ya chee ambao hauna ulaji?

Maofisini fadhila hii inathaminiwa zaidi. Gari la ofisi likigoma, huandikwa dokezo sabili: stata. Dokezo linapanda ngazi likikusanya saini. Zinaombwa ankara tatu za bei, zinapatikana tatu, mwandiko mmoja. Inanunuliwa stata “orijino” katika boksi ambalo wino wake hubaki vidoleni. Inafungwa, na gari linawaka vizuri kwa muda, kwa sababu aliyeifunga alikaza terminali na kukwangua kutu kidogo bila kukusudia. Kutu ikirudi, linaandikwa dokezo la pili. Mkaguzi akifika anakuta kila karatasi mahali pake: dokezo, ankara, hati ya kupokelea mali. Volti hazimo, kwa kuwa fomu haina nafasi ya volti.

Safari ya tatu kikao kinaafikiana kwamba magari haya yamepitwa na wakati, na kinapendekeza bajeti ya jipya. Stata ya kwanza, Lucas halisi, inalala stoo na kibandiko cha “mbovu”. Mtunza stoo, ambaye nyumbani ana Series III yake, ameshaulizia utaratibu wa kuinunua kama chuma chakavu.