Siafu Hawapigi Hodi: Mwongozo kwa Mfuga Nyuki wa Masasi na Newala

Umetundika mzinga kule mwisho wa uwanja, penye mikorosho, mbali na watoto na mbuzi, maana nyuki wetu hawana utani. Hongera. Ila ujue wenye hamu na asali hiyo ni wengi. Sisimizi wameshainusa, sungusungu wako njiani, na siafu huja usiku bila kupiga hodi. Wakiingia kwa wingi wanakula majana, nyuki wanahama, na asubuhi umebaki na sanduku. Fanya haya mapema.

1. Wanyime daraja. Mzinga uliofungwa kwenye tawi la mkorosho una barabara ya kupitia hadi mlangoni. Uning'inize kwa waya kati ya nguzo mbili, usawa wa kiuno, kisha paka waya grisi. Vumbi likishaifunika grisi, sisimizi wanapita juu yake wapendavyo, kwa hiyo ifute upake nyingine.

2. Vika miguu makopo. Kama mzinga unakaa juu ya meza, kila mguu usimame ndani ya kopo la oili chafu. Kaombe kwa fundi wa bodaboda. Masasi mjini hawakosekani. Maji nayo yanazuia, lakini Newala, juu ya uwanda ambako watu wamehangaikia maji vizazi na vizazi, nani atajaza makopo manne yakaushwe na jua? Funika makopo kwa kipande cha bati. Kopo wazi huzamisha nyuki, na mvua ikinyesha, oili huelea, ikamwagika yote ardhini, ukabaki unalinda maji ya mvua.

3. Shika jembe. Chuchumaa uangalie chini ya mzinga. Unyasi mmoja umeinama, ncha yake imegusa ubao, na juu yake sisimizi wamepanga foleni: wengine wanapanda, wengine wanashuka matumbo yamewajaa. Grisi yote na oili yote vimeshindwa na unyasi mmoja! Palilia, punguza na matawi yanayogusa mzinga.

4. Usiwaalike mwenyewe. Ukirina, usiache vipande vya masega chini wala asali ikichuruzika ubaoni. Chovya-chovya humaliza buyu la asali, na sisimizi hawachoki kuchovya. Ziba nyufa, na mlango wa mzinga usiwe mpana kuliko nyuki wanavyoweza kuulinda. Kundi lenye nguvu hujitetea. Kundi dhaifu ndilo huliwa kwanza.

5. Weka chini dawa ya kunyunyiza. Nyuki naye ni mdudu, na dawa haiulizi nani mwenyeji, nani mgeni. Majivu yaliyomwagwa kuzunguka nguzo yanasaidia kwa muda, ila mvua ikiyalowesha, mwaga mengine.

6. Usitangaze vita na maji moto. Hawa sisimizi wekundu wanaoshona majani ya mkorosho kuwa kiota wanauma, kila aliyeokota korosho anajua. Lakini huwawinda mbu wa mikorosho, wadudu wanaofyonza machipukizi na korosho changa. Watafiti wa Naliendele, Mtwara, wamewachunguza kwa kazi hiyohiyo. Nyuki nao huchavusha maua ya mkorosho. Maji moto abaki mtini, nyuki abaki mzingani, na wewe ukate njia kati yao. Ukiwaua maji moto ili kulinda asali, umewakaribisha maadui wa korosho zako.

Kazi hii haimalizwi siku moja. Kagua makopo, waya na nyasi kila wiki, na uongeze macho mvua za mwisho wa mwaka zinapoanza, kwa sababu ndipo siafu hutembea sana. Ndugu yangu, grisi na jembe ni rahisi kuliko kutafuta kundi jipya la nyuki. Nenda kakague mzinga wako leo, jua halijazama.