Shemeji, Hii Si Mboga

Shemeji yangu alipokuja Jumapili ile, salamu alizitoa akiwa ameinama. Macho yalikuwa kwenye tanki langu la samaki pale sebuleni. "Shemeji," akasema, "hii ni mboga?"

Sikumjibu, maana mgeni hajibiwi kwa hasira. Namjibu leo.

Kweli, kioo cha mbele kilikuwa hakionyeshi kitu. Tanki lenyewe ni la lita 60, lipo hapa Njiro chini ya dirisha linalopokea jua la asubuhi, na samaki wake ni gapi wa kawaida, wenye mikia kama khanga. Ukipitisha kidole kwa ndani ya kioo, kinatoka na utando wa kijani, laini, unaovutika kama mlenda. Huyo ndiye Mwani, na ndiye niliyemkusudia.

Kwetu mtu haposi bila kuuliza ukoo, basi tuanze na ukoo. Binamu zake wa baharini wako Paje na Jambiani, ambako tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kinamama wa Unguja wanawafunga kwenye kamba, wanawaanika na kuwauza wasafirishwe nje. Wapo watoto waliosomeshwa kwa pesa hiyo. Ndugu wengine wapo hapa hapa chini ya Mlima Meru, katika maziwa ya Momela. Heroe huja kwa makundi kuwala, na ule uwaridi wa manyoya yao, ambao watalii wanalipa kiingilio cha hifadhi ili waupige picha, unatokana na chakula hicho cha kijani. Mtaalamu atanikatiza aseme wale wa Momela kwa hakika ni bakteria. Sawa. Katika kila ukoo yupo mjomba ambaye haijulikani aliingiaje, na bado haachwi nje ya picha ya harusi.

Lakini sifa yake kubwa ni ukweli. Mwani hafichi jambo. Umewalisha samaki kupita kiasi, anakutangaza. Umeweka tanki juani, anakutangaza. Wiki tatu hujabadilisha maji, anakuandika kiooni mpaka shemeji asome. Sasa mlinganishe na maji maangavu, hasa ya kwetu huku. Wenzetu wa Ngurdoto na vijiji jirani hawakupata meno ya kahawia kwa kunywa matope. Walikunywa maji safi kwa macho, yaliyopita kwenye miamba ya volkano ya Meru yakabeba floraidi, kitu kisicho na rangi wala harufu, ambacho ukiyachemsha maji ndiyo kwanza kinakolea. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Katika maziwa ya Momela inahesabika kwa mamia. Pale Ngurdoto wataalamu wa maji wamekuwa wakiichuja kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Mwani hahitaji kuchomewa mfupa ili useme umemwona.

Mimi mwenyewe maji maangavu yamenitia hasara. Mwaka juzi, kwa kuona haya mbele za wageni, nililisafisha tanki kama anayeosha sufuria ya pilau. Changarawe nikaisuuza chini ya bomba, sifongo ya chujio nikaikamua mpaka ikarudia rangi yake ya dukani, vioo nikavisugua vyote vinne. Jioni tanki liling'aa. Siku ya tatu gapi walikuwa juu, midomo wazi, wanahema. Siku ya tano nikazika sita chini ya mgomba. Kumbe klorini ya bombani ilikuwa imewaua bakteria wanaokaa kwenye sifongo na changarawe, wale wanaoigeuza amonia ya uchafu wa samaki kuwa naitriti, kisha naitreti isiyo na makali sana. Amonia nayo haionekani kwa macho, na katika maji yenye magadi kama ya huku ukali wake unazidi. Mwani, ambaye angeimumunya kama mtoto anavyomumunya ubuyu, nilikuwa nimemmwaga pamoja na maji machafu.

Mchana umeme ukikatika na pampu ya hewa ikanyamaza, ndiye anayebaki kazini. Vipovu vya oksijeni vinamtoka kimoja kimoja, vidogo kama mbegu za mchicha, vinapanda. Usiku, nakiri, anageuka na kuanza kuivuta oksijeni hiyohiyo. Umeme ukikatika saa nane za usiku, samaki wanapanda juu kuhema na bwana huyu hana habari nao. Lakini nani kati yetu akiamshwa saa nane za usiku ni mtu wa msaada?

Njia za kumdhulumu nazijua, na kwa kuwa wapo watakaoniuliza, nazitaja kwa shingo upande. Tanki liondoke dirishani. Chakula kiwe kile kinachokwisha ndani ya dakika mbili, hata kama gapi wanakutazama kama yatima. Kila wiki toa robo ya maji tu, urudishie ya bomba yaliyolala siku nzima kwenye ndoo isiyofunikwa ili klorini itoke. Sifongo uikamue kwenye hayo uliyoyatoa, na usithubutu kuipeleka bombani. Ukishika hayo mwezi mzima, atapungua, na mimi sitakuja msibani.

Shemeji, karibu tena Jumapili. Kioo cha mbele nimekikwangua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda, samaki utawaona. Vile vitatu vingine nimemwachia mwenyewe.