Ukoo Mzima Jumanne Moja

Ukiiamini kompyuta ya shangazi, basi babu alizikwa, shangazi mwenyewe akaolewa na mwanawe akamaliza chekechea Jumanne hiyohiyo, kati ya saa nane na saa nane na nusu mchana. Hata maziko hayakuchelewa.

Picha za ukoo zilikuwa kwenye seva ya binamu yetu aliyeko Muscat. Mdogo wangu, anayesomea kompyuta, alisema kuzipakua moja moja ni kujitesa, akaandika skripti. Chai haijapoa, kazi imekwisha.

"Kwa hiyo mimi nimeolewa leo?" shangazi akauliza, miwani puani.

Faili likishapakuliwa, kompyuta huliona jipya, huliandikia tarehe ya leo. Seva huwa inatuma na tarehe ya zamani, Last-Modified, ila lazima awepo wa kuipokea. Programu ya wget huipokea bila kuambiwa. Curl huiacha ipite, mpaka uiombe kwa -R. Mdogo wangu ni mtu wa curl, na kuomba hajazoea.

Akaweka -R, akapakua upya. Ukoo mzima ukahama kutoka Jumanne ukaenda Jumamosi, siku ambayo binamu alizipandisha picha kwenye seva. Shangazi akasema afadhali, harusi za Jumamosi zina heshima.

Ikabidi iletwe exiftool, kazi ya Phil Harvey tangu 2003. Hiyo huchungulia ndani ya picha, ikasoma tarehe iliyoandikwa na kamera yenyewe, kisha ikaibandika nje. Nyingi zikanyooka. Zilizopitia WhatsApp zilikuwa zimevuliwa kila kitu njiani, hazina la kusema. Babu naye, kwa kuwa picha zake zilipigwa skana, anaendelea kuzikwa Jumamosi.

Zikabaki za harusi. Kamera ya mjomba ilikuwa imeishiwa betri ya saa, ikarudi kwenye tarehe ya kiwandani: 1 Januari 2000, saa sita usiku. Pichani jua linawaka, watu wanakula biriani. Harusi ilikuwa 2009, na kifungua mimba alikuja miezi saba baadaye, hesabu ambayo mawifi wanaijua kuliko namba zao za simu.

Mdogo wangu alikuwa ameshaanza kuandika amri ya kuzisogeza mbele miaka tisa. Shangazi akamshika mkono.

"Hizo usiziguse, baba. Kamera haina sababu ya kusema uongo."