Mwongozo wa Kumwajiri Mnoko

Unatengeneza mifumo ya kompyuta hapa Songea? Iwe unafanyia kazi chumbani Lizaboni au kwenye ofisi ya kupanga Majengo, kabla hujatafuta mchoraji wa nembo, tafuta mnoko. Namaanisha yule anayehesabu chenji mara mbili, anayeuliza muhuri uko wapi, asiyekubali kuambiwa "tutarekebisha baadaye". Kwenye mifumo mtu huyo yupo, na hali wala halali. Anaitwa axe-core, programu ya bure iliyotolewa na kampuni ya Deque ya Marekani mwaka 2015. Kazi yake ni kupitia kila ukurasa na kukuonyesha ni wapi mtu asiyeona, mwenye macho hafifu au asiyeweza kushika kipanya atakwama. Lighthouse, kile kipimo kilichomo ndani ya Chrome, hutumia kanuni za mnoko huyohuyo kinapokagua ufikivu.

Mwajiri mapema. Usimwite siku ya uzinduzi, wakati mgeni rasmi yuko njiani na keki imeshaagizwa. Mwingize siku unapoandika faili la kwanza. Akae pembeni unapoandika, arudi unapofanya majaribio, kisha asimame getini kazi yako inapotaka kuungana na ya wenzako. Akisema hapana, mfumo usitoke.

Sababu ni ya gharama. Kitufe kisicho na jina unakirekebisha kwa dakika moja faili likiwa wazi mbele yako. Mfumo ukishasambazwa na makarani wakishafundishwa, kitufe hichohicho kinadai barua, kikao na posho ya kikao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unalisema hili waziwazi katika ibara ya 9: teknolojia ya mawasiliano izingatie ufikivu tangu hatua za awali ili gharama iwe ndogo. Mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria Na. 9 ya Watu Wenye Ulemavu. Kwa hiyo bosi akikuuliza huyu mnoko ametoka wapi, mwambie ametumwa na watu wazito.

Sasa mpe kazi. Chukua mfumo ambao kijana yeyote wa Ruvuma anaweza kuombwa autengeneze: kuandikisha wakulima wa ufuta, soya na mbaazi katika chama cha msingi. Mazao haya yanauzwa kwa stakabadhi ghalani, kwa hiyo mkulima anahitaji kuona kilo zake, daraja la mzigo wake na namba ya simu itakayopokea malipo. Kwenye skrini umeandika "Kilo" na chini yake umeweka kisanduku. Kwa jicho, viwili hivi vinahusiana. Kwa kisoma skrini, ile programu inayomsomea kwa sauti mtu asiyeona, havihusiani mpaka uviunganishe ndani ya msimbo. Usipoviunganisha, mkulima asiyeona atasikia "kisanduku cha kuandikia" mara nne mfululizo, bila kujua kipi cha kilo na kipi cha namba ya simu. Anaweza kuandika kilo mahali pa simu. Hiyo ni hela yake ya msimu mzima. Mnoko analiona kosa hili papo hapo na kukutajia kisanduku lilipo.

Ataona na rangi. Miongozo ya ufikivu ya WCAG, ambayo toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Kijivu kinachopendwa na wabunifu, kile cha msimbo #999, kikiwekwa juu ya nyeupe hakifiki hata 3. Mbunifu atakwambia kinapendeza. Mpeleke nje ya ghala saa saba mchana na simu ya bei ya chini yenye kioo kilichopasuka, akusomee bei ya mnada. Kosa hili si la Songea peke yake. Tangu 2019 shirika la WebAIM hukagua kila mwaka kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja duniani, na rangi hafifu ndiyo inayoongoza kila mara. Mwaka 2025, asilimia 94.8 ya kurasa hizo zilikuwa na angalau kosa moja ambalo mashine iliweza kulinasa.

Umerithi mfumo wa zamani na mnoko amekuletea makosa mia tatu? Usimfukuze. Yaandike makosa ya zamani kwenye orodha, mruhusu azuie mapya tu, kisha punguza orodha hiyo kidogo kidogo kila wiki. Kinachokatazwa ni kumziba mdomo kwa ule mstari wa msimbo unaosema "kanuni hii ipuuzwe". Nimeiona mistari hiyo mingi, na sijawahi kuona aliyerudi kuifuta.

Hatua inayofuata ndiyo ngumu: Lighthouse ikikupa alama 100 kwa kanuni za mnoko, usiichapishe na kuibandika ukutani. Mwaka 2017 wataalamu wa huduma za kidijitali za serikali ya Uingereza walitengeneza ukurasa mmoja wenye vikwazo zaidi ya 140 walivyovipanda kwa makusudi, kisha wakaachia zana za kukagua zipite juu yake. Iliyofanya vizuri kuliko zote ilinasa takribani asilimia 40. Zaidi ya robo ya vikwazo hivyo havikuonwa na zana hata moja. Mwaka 2019 Manuel Matuzović, mtengenezaji tovuti wa Austria, akaunda ukurasa usioweza kutumiwa na mtu yeyote, anayeona na asiyeona, na Lighthouse ikaupa 100 kamili upande wa ufikivu. Mnoko anahesabu vizuri, ila hajui maana ya anachokihesabu. Picha ya ghala la Namtumbo ukiipa maelezo yanayosema "picha", yeye ameridhika, maelezo yapo. Mkulima hajaambiwa kitu.

Na hapa kuna tundu linalotuhusu sisi Waswahili kuliko wengine. Violezo vingi tunavyoanzia kazi vinakuja na tangazo la lugha juu kabisa ya faili: en, yaani Kiingereza. Sisi tunaandika Kiswahili fasaha ukurasa mzima na kuliacha tangazo hilo lilivyo. Mnoko anauliza kama lugha imetajwa na kama alama yake inatambulika. Imetajwa, inatambulika, pita. Kisha kisoma skrini kinatii tangazo na kuchukua sauti ya Kiingereza. "Lipa" inaweza kutoka "laipa", na 250 inatamkwa kwa Kiingereza katikati ya sentensi ya Kiswahili. Mama anayejua vizuri mzigo wake una kilo ngapi anaketi mbele ya simu inayomsemesha maneno asiyoyatambua, ilhali yameandikwa kwa lugha yake.

Hili linauma kwa sababu dawa yake iko tayari na haina bei. NVDA, kisoma skrini cha bure cha kompyuta kilichoanzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, kinakuja na sauti ya eSpeak NG ambamo Kiswahili kimo. Kinachohitajika ni wewe kufuta herufi mbili na kuandika nyingine mbili: sw.

Kwa hiyo mnoko akimaliza, washa TalkBack kwenye simu ya Android, funika kioo kwa kanga, ujaribu kumwandikisha mkulima mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Halafu mtafute mtu anayetumia kisoma skrini kila siku. Waulize Chama cha Wasioona Tanzania au SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu. Mlipe nauli na ujira kama unavyomlipa fundi yeyote, maana anachokifanya ni kazi. Akiwa mtu mzima, sema "Shikamoo", mpe simu, kisha nyamaza. Usiseme "bonyeza pale kwenye kijani". Usimnyang'anye simu kumsaidia. Akikwama, andika amekwama wapi na amesikia nini. Ukurasa wa maneno yake utakufundisha mambo ambayo mnoko hatakaa ayagundue.

Kabla ya msimu ujao wa ufuta, fungua faili la kwanza la mfumo wako. Likisema en na ukurasa ni wa Kiswahili, libadilishe leo.